Maji, baridi na kioo: niliyojifunza katika kutengeneza mvinyo wa mapovu

Vijana wa Dodoma wanaonipigia simu kuuliza habari za mvinyo wa mapovu unaojali mazingira huanza na bei ya paneli za sola. Swali la pili huwa cheti cha uendelevu: kinapatikana wapi, kinagharimu kiasi gani. Nawaelewa. Mwenye kiwanda ninachofanyia kazi naye alianzia hapo hapo, na sehemu kubwa ya fedha alizotenga ilikuwa iende kwenye paneli kabla hatujajua hata umeme wetu unaliwa na nini. Nimeyaona mabadiliko hayo tangu wazo lilipoletwa mezani hadi mkaguzi alipopitisha daftari zetu, na katikati hapo palikuwa na hasara, ugomvi na usiku mwingi wa kukosa usingizi. Nayaandika haya ili anayetaka kuanza, Dodoma au kwingine, asilipe ada ileile tuliyolipa sisi.

Mimi ni mtu wa Hombolo. Nimekulia kwenye zabibu, na najua uchungu wa kuona mavuno yameiva, mnunuzi hajafika, na jua linawaka. Baada ya kusoma kilimo nilipata kazi ya msimu huku Western Cape, Afrika Kusini, kwenye kiwanda kidogo karibu na mji wa Robertson. Msimu ukazaa msimu, nikabaki.

Huku mvinyo wa mapovu unaotengenezwa kwa njia ya Champagne, Ufaransa, huitwa Cap Classique. Wa kwanza ulitoka shamba la Simonsig, Stellenbosch, mwaka 1971, tena kwa zabibu za Chenin Blanc, ambazo hata Dodoma tunazo. Kwa ambaye hajaona kazi yenyewe: juisi huchachushwa kwanza kwenye tangi kama mvinyo wowote mweupe. Kisha mvinyo hutiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa ikafungwa kwa kizibo cha chuma kama cha soda. Hamira inakula sukari, gesi inakosa pa kutokea, inayeyuka ndani ya mvinyo. Chupa hulala gizani si chini ya miezi 12. Baadaye hugeuzwa taratibu hadi mashapo yakusanyike shingoni, shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, na presha inarusha nje kile kipande cha barafu kilichobeba mashapo yote. Ndipo chupa inajazwa, inapigwa koki na kufungwa waya.

Kila hatua hapo inakula maji, umeme, kioo au nguvu za mtu. Sisi tulikuwa hatujui ipi inakula nini.

Kilichotuamsha ni ukame. Kuanzia 2015 mvua zilianza kukatika Western Cape, na kufikia mwanzoni mwa 2018 jiji la Cape Town lilikuwa linahesabu siku za kufika mahali pa kufunga mabomba, kila mtu akiambiwa atumie maji yasiyozidi lita 50 kwa siku. Mgao wa maji ya kumwagilia mashamba ulipunguzwa kwa wakulima wengi. Katika kikao kimoja mtu aliuliza kiwanda chetu kinatumia maji kiasi gani, na hakuna aliyejibu. Kulikuwa na mita moja kwenye kisima, na kisima hicho kinalisha nyumba, bustani, mizabibu na kiwanda kwa pamoja.

Mita ya pili ilipofungwa kwenye bomba la kuingia kiwandani, hesabu za juma la kwanza zilitutia aibu. Mzee mmoja wa ghalani, ambaye sote tunamwita Oom kama ilivyo desturi ya huku kwa mtu mzima, alichukua ndoo ya lita 20 akaiweka chini ya mpira wa kuoshea sakafu, akaangalia saa. Ndoo ilijaa kwa dakika moja. Halafu akatuonyesha mpira wenyewe: mtu akimaliza kusukuma makapi anauacha chini unamwaga, anakwenda kubadilisha vali, anaongea na dereva wa trekta, anarudi. Robo saa ya namna hiyo ni lita 300, yaani ujazo wa chupa 400, na hakuna kilichooshwa.

Tuliyoyafanya hayakuwa na ufundi wowote. Kila mpira ulifungwa kichwa kinachojifunga chenyewe mkono ukiachia. Tulinunua mafagio ya mpira na makoleo ya plastiki, ikawa sheria kwamba makapi na mashapo yanazolewa makavu kwanza, maji yanafuata mwisho. Maji ya mwisho ya kusuuza tangi moja yakawa maji ya kwanza ya kuosha tangi lingine. Gharama yake yote haikufika bei ya paneli chache, na ndiyo hatua iliyopunguza bili kuliko nyingine zote za mwaka ule.

Lakini watu waligoma, na hili nalisema wazi kwa sababu wengi hawaliandiki. Kuosha kwa fagio kunachosha mgongo, hasa mwisho wa zamu inayochukua saa 12. Vichwa vya mipira vilifunguliwa na kufichwa. Meneja alitaka kukata mishahara, tukabishana naye sana. Kilichofaa ni kuongeza mtu mmoja zamu ya usiku na kuandika namba za mita kwenye ubao ambao kila mtu anaupita. Watu walipoona namba inashuka kwa kazi ya mikono yao wenyewe, walianza kukumbushana bila kusimamiwa.

Maji yanayotoka yana hesabu yake pia. Juisi ya zabibu ni sukari, na sukari ikiingia kwenye bwawa la maji taka, vijidudu vinaila na kumaliza oksijeni yote iliyomo, bwawa linaoza na kunuka. Sheria ya huku inapima oksijeni inayohitajika kuumaliza uchafu huo, na kwa kiwanda kinachomwagilia zaidi ya mita za ujazo 50 hadi 500 kwa siku, maji hayatakiwi kuhitaji zaidi ya miligramu 400 za oksijeni kwa lita. Sasa piga hesabu: lita moja tu ya juisi iliyomwagika kwenye mfereji inahitaji karibu lita 500 za maji safi ili ifike kiwango hicho. Hakuna mtambo wa kusafisha utakaokuokoa kama sakafuni unamwaga ovyo. Tuliweka vichujio vya waya kwenye kila tundu la mfereji na ndoo chini ya kila vali inayovuja.

Sabuni nayo tuliibadilisha. Miaka yote matangi yalioshwa kwa kostiki soda, na maji yale yale yakamwagiliwa kwenye majani ya malisho nyuma ya kiwanda. Udongo pale uligeuka, ukishika maji juu kama saruji na kupasuka ukikauka. Sodiamu ndiyo iliyokuwa inauharibu. Tulihamia dawa ya kuoshea yenye potasiamu, ambayo ni ghali zaidi lakini mmea unaweza kuitumia, ingawa nayo ikizidi inajilimbikiza, kwa hiyo udongo unapimwa kila mwaka. Kwa mtu wa Dodoma mwenye udongo ambao tayari una chumvi sehemu nyingine, hili ni la kuangalia mapema sana, kabla eneo halijafa.

Tukaja kwenye baridi. Hapo ndipo umeme wetu ulipokuwa unaishia.

Zabibu za mvinyo wa mapovu huvunwa mapema, sukari ikiwa bado chini na uchachu ukiwa juu, na kwa Robertson hiyo ni Januari, mwezi wa joto kali. Ukivuna saa saba mchana zabibu zinaingia kiwandani zikiwa na nyuzi 32 au zaidi. Ukivuna kabla ya jua kuchomoza zinaingia na nyuzi 16 hivi. Kuishusha juisi ya lita 1,000 kutoka 32 hadi 16 ni kuondoa joto la karibu uniti 18 na nusu, na mashine nzuri ya kupoozea itakula kama uniti sita za umeme kwa kazi hiyo. Zidisha kwa msimu mzima. Tulihamia kuvuna usiku, kuanzia saa nane, kwa taa za kichwani, na sehemu kubwa ya baridi tukawa tunaipata bure. Mvinyo pia ulitoka bora, kwa sababu zabibu za baridi hazianzi kuchachuka ndani ya kreti wala hazitoi ukali wa maganda.

Halafu ukaja mgao wa umeme. Miaka ya 2022 na 2023 ilikuwa mibaya kuliko yote. Umeme ulikatika kwa saa mbili, wakati mwingine kwa saa nne, mara kadhaa kwa siku. Jenereta letu la dizeli liliunguruma usiku na mchana. Kazi moja iliyokuwa inalinyonya kupita zote ilikuwa ya kuzuia chumvi za zabibu zisigande ndani ya chupa baadaye. Njia ya zamani ni kuushusha mvinyo hadi nyuzi 4 chini ya sifuri na kuukalisha hapo kwa karibu juma zima. Juma zima la dizeli! Nakumbuka nikisimama kando ya lile tangi, nje limejaa barafu nyeupe kuanzia chini hadi kwenye mlango, na kila mahali barafu inapoonekana ni baridi inayopotea hewani, kwa sababu tangi halikuwa na koti la kuzuia joto.

Kuna dawa iitwayo CMC, inayotokana na nyuzi za mimea, inayozuia chumvi hizo zisigande bila kupooza kiasi hicho. Kwenye mvinyo mweupe ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa na umeme ukashuka mara moja. Lakini mshauri wa kampuni iliyotuuzia alisema inafaa kwa kila kitu, na kwenye rozi, yaani mvinyo wa rangi ya waridi, haikufaa. Dawa hiyo inashikana na rangi ya mvinyo na protini zilizobaki. Tangi zima la rozi lilipata ukungu, kisha rangi ikaanza kuzama chini kama vumbi la matofali. Tuliuchuja, ukapoteza rangi na nusu ya harufu, tukauuza kwa jumla kwa bei ya kutupa. Ilikuwa kazi ya watu wengi kwa mwaka mzima, na kuiona inaondoka kwenye lori la tangi bila hata lebo kuliniuma sana. Ukiamua kutumia CMC, pima protini kwanza, jaribu kwenye chupa chache, uzikalishe majuma kadhaa, na kwa rozi usiiguse. Rozi yetu bado tunaipooza kwa njia ya zamani, ila sasa ndani ya tangi lenye koti, na mwishoni mwa msimu hali ya hewa inapokuwa imeanza kupoa yenyewe.

Vivyo hivyo kwenye kugandisha shingo za chupa. Ile beseni ya kugandishia inafanya kazi kwenye nyuzi 25 hadi 27 chini ya sifuri, na kuishusha hadi hapo kunakula muda na umeme kabla hujagandisha hata chupa moja. Zamani tulikuwa tunafungua oda ikija: leo chupa kidogo, kesho kidogo. Sasa tunakusanya oda na kuzifanya kwa mkupuo, beseni ikiwashwa inafanya kazi mfululizo hadi jioni. Wateja walilalamika mwanzoni, kisha wakazoea kuagiza mapema.

Sola tuliiweka mwisho, baada ya yote hayo, na mtambo tulioununua ulikuwa mdogo kuliko ule uliopangwa mwanzo kwa sababu mahitaji yalikuwa yameshuka. Mkopo wake nao ukawa mdogo. Msimu wetu unaangukia kiangazi, siku ndefu na jua kali, kwa hiyo paneli zinatoa umeme mwingi hasa wakati mashine za kupooza zinauhitaji. Badala ya kununua betri nyingi tunatumia umeme wa mchana kupoza maji kwenye tangi kubwa lililofunikwa vizuri, na usiku baridi hiyo inazungushwa kwenye matangi ya mvinyo. Betri chache zilizopo zinashika taa, pampu na kompyuta. Kabla ya hapo fundi alitumia siku kadhaa kuvalisha mabomba yote ya baridi koti la sponji. Kama una fedha za jambo moja tu, fanya hilo la mabomba.

Nije kwenye kioo, ambacho watu wa mvinyo hawapendi kukizungumzia kwa sababu kinagusa hadhi.

Presha ndani ya chupa ya mvinyo wa mapovu ni karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Kwa hiyo chupa lazima iwe nzito. Chupa ya miaka mingi ilikuwa na gramu 900, na mvinyo wenyewe ni kama gramu 750, maana yake ukinyanyua chupa mpya iliyojaa, zaidi ya nusu ya uzito ni kioo. Kioo hicho kimeyeyushwa kwenye tanuru la moto mkali, kimesafirishwa kikiwa kitupu, kisha kimesafirishwa tena kikiwa kimejaa, na mteja anakunywa mara moja anakitupa. Wenzetu wa Champagne walipopima kwa mara ya kwanza hewa ukaa ya eneo lao mwaka 2003, vifungashio vilionekana kuwa miongoni mwa mizigo mikubwa, na mwaka 2010 walishusha chupa yao ya kawaida hadi gramu 835. Tofauti ya gramu 65 inaonekana ndogo mkononi, lakini kwenye chupa 10,000 ni kilo 650 za kioo ambazo hazikuyeyushwa wala kupakiwa.

Sisi tulipohamia chupa nyepesi, msimu wa kwanza zilianza kupasuka zikiwa zimepangwa ghalani. Sauti yake ni kali, kisha unasikia mvinyo unatiririka gizani, na jirani zake nazo zinafuata. Mwenye kiwanda alitaka kurudi kwenye chupa nzito siku ileile. Oom hakukubaliana naye. Alivaa ngao ya uso na glavu ndefu, akatoa vipande, akavipanga juu ya meza, akavimulika kwa tochi ya pembeni. Kwenye bega la kila chupa iliyopasuka kulikuwa na mchubuko mwembamba, mrefu kama ukucha, mahali pamoja kila mara. Tulifuatilia mstari wa kujazia hadi tukaikuta reli ya chuma iliyolegea, inayozisugua chupa zikikata kona. Chupa nzito zilikuwa zinastahimili mchubuko ule, nyepesi hazikustahimili.

Reli ilibadilishwa kwa ya plastiki. Tukapunguza pia sukari ya chupani. Kanuni inayotumika ni gramu 4 za sukari kwa lita kwa kila kizio kimoja cha presha (bar), kwa hiyo gramu 24 zinakupa 6. Tulishuka hadi 22, na kwenye glasi hakuna mteja aliyeona mapovu yamepungua. Kwa usalama: asiingie mtu kwenye safu za chupa bila ngao ya uso, hata kama anakwenda kuhesabu tu. Na chupa ya mvinyo wa mapovu iliyokwishatumika usiirudishe kwenye presha. Kuokoa kioo ni jambo jema, ila si kwa macho ya mtu.

Wanunuzi wa hoteli walikuwa wagumu kuliko presha. Baadhi yao hupima ubora kwa uzito wa chupa, na mmoja alituambia waziwazi kwamba chupa yetu mpya inaonekana ya bei rahisi. Tulipoteza oda. Wengine tulipowaeleza sababu na kuwaonjesha walibaki, na nyumba kadhaa za Ulaya zilianza zenyewe kuuliza uzito wa chupa kabla ya bei. Ukibadilisha chupa, mwambie mnunuzi mapema, usingoje aigundue yeye.

Kuna jambo la gesi ambalo nataka lisomwe na kila anayefanya kazi hii. Lita moja ya juisi ikichachuka inatoa zaidi ya lita 40 za hewa ukaa. Tulianza kuivuta gesi hiyo kwa bomba kutoka tangi linalochachuka kwenda kufunika juisi kwenye tangi jingine isichafuliwe na oksijeni, na tukaacha kununua barafu kavu, yaani hewa ukaa iliyogandishwa. Ni akiba nzuri. Lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inatuama chini. Kijana mmoja wa zamu yetu aliinama kwenye shimo la pampu kuokota kifuniko kilichomponyoka, magoti yakamwishia hapo hapo. Mwenzake alimvuta kwa kola ya shati kabla hajaanguka ndani. Alipona, ila mimi mikono ilinitetemeka hadi jioni. Kama huna kipimo cha gesi kinacholia ukutani karibu na sakafu, na kingine cha kubeba mfukoni, usianze akiba hiyo. Na usimruhusu mtu kuingia peke yake.

Kuhusu kuvuna usiku, nilisema baridi tuliipata bure. Haikuwa bure kwa kila mtu. Wavunaji wetu wengi ni akina mama, na mwaka wa kwanza waliambiwa tu wafike saa saba na nusu usiku. Nani anabaki na watoto? Njia ya kutoka kwenye nyumba zao haina taa. Walianza kukosekana, na msimamizi akaandika kwamba ni wavivu. Ilibidi wao wenyewe waitishe kikao, na mama mmoja alisema jambo ambalo sijalisahau: mnatunza udongo kuliko mnavyotutunza sisi. Leo basi linawapitia nyumbani, wanalipwa nyongeza ya usiku, kuna chai ya moto na mkate katikati ya zamu, na kiwanda kinamlipa mlezi anayelala na watoto. Gharama hizo zilichukua sehemu ya akiba ya umeme, na ni haki zichukue.

Mashamba ya huku yana historia nzito. Kwa vizazi vingi vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu ulioitwa dop, na madhara yake kwenye familia na kwa watoto waliozaliwa yanaonekana hadi leo. Mwaka 2012 wafanyakazi wa mashamba waligoma kuanzia De Doorns, si mbali na sisi, wakidai ujira wa kuishi. Mtu akiniambia mvinyo wake ni endelevu huku mvunaji analala njaa, simwelewi.

Cheti tulikipata kwa mpango wa Afrika Kusini uitwao IPW (Integrated Production of Wine), ulioanza 1998, na ambao alama yake ya uendelevu imekuwa ikibandikwa shingoni mwa chupa tangu mavuno ya 2010. Sina mengi ya kusema juu yake. Ni kazi ya daftari: dawa gani ilipigwa lini na nani, maji kiasi gani, taka zilikwenda wapi. Kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza kupima kwa faida yetu, kujaza fomu kulikuwa kuchapa tulichokwisha kuandika. Wenzetu walioanza na cheti walikuwa wanatafuta namba za kuweka kwenye fomu usiku wa kuamkia ukaguzi.

Sasa Dodoma, maana ndiko simu zinakotoka. Zabibu zipo, Chenin Blanc ipo, na ukiivuna mapema uchachu wake unafaa kwa mapovu. Makapi nayo msiyatupe porini: samadi ya ng'ombe na mbuzi kwetu ni nyingi, ichanganye na makapi na majani makavu, igeuze kila baada ya majuma machache, ni mbolea ya mizabibu hiyohiyo. Tatizo ni baridi ya ghala. Chini ya ardhi joto hukaa karibu na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo. Ndiyo maana mapango ya chokaa ya Champagne yana nyuzi 10 hadi 12 bila mashine yoyote. Ukichimba Dodoma utakuta nyuzi 22 au 23. Kuzilaza chupa miezi 12 kwenye nyuzi 14 kwetu ni kuwasha umeme mwaka mzima bila kuuzima, na hapo sehemu kubwa ya faida ya mazingira inakuwa imekwisha kabla chupa haijafunguliwa.

Kwa maoni yangu, anayeanza Dodoma aanze na njia ya tangi, ile wanayotumia Waitaliano kwa Prosecco, mvinyo wao wa mapovu: uchachushaji wa pili unafanyika kwenye tangi la presha kwa majuma kadhaa, si kwenye chupa kwa mwaka. Baridi inahitajika kwa muda mfupi na mahali pamoja panapoweza kuvalishwa koti vizuri. Tangi la presha ni ghali, na mkulima mmoja hataliweza. Lakini kwetu zabibu huiva mara mbili kwa mwaka. Huku Robertson matangi yetu yakimaliza mavuno ya Januari na Februari yanakaa miezi mingi bila kazi huku mkopo unaendelea kulipwa. Ushirika wa Hombolo au Mpunguzi ukinunua tangi moja kwa pamoja, litafanya kazi baada ya mavuno ya mwanzo wa mwaka na tena baada ya yale ya Agosti na Septemba, wakati usiku wa Dodoma una ubaridi wa kutosha kuvuna zabibu zikiwa zimepoa bila kugusa swichi.